Mrimba Alikuwa Mmachinga

Desturi ya makala za lugha ni kuanza na salamu ya "Waungwana wasomaji". Leo sitaanza hivyo, kwa sababu neno hilo ni mmojawapo wa washitakiwa, na si adabu ya baraza kumpa mshitakiwa kiti cha mbele.

Mkoa wa Lindi umeipa lugha ya taifa majina mawili yanayotamkwa kila siku, kuanzia Kariakoo hadi Mwanza. La kwanza ni machinga, la pili ni Mmatumbi. Machinga siku hizi ni kijana mwenye meza ya soksi kando ya barabara, jicho moja kwa mteja na jingine kwa mgambo. Mmatumbi ni mtu mweusi, tena mtu mweusi anapotajwa kwa dharau au kwa kujidharau. "Sisi Wamatumbi ndivyo tulivyo," husema msomi mwenye shahada mbili basi linapochelewa, akimaanisha kwamba ucheleweshaji umo katika ngozi yetu. Asemaye hivyo hawafikirii Wamatumbi wenyewe, watu wa vilima vya Kibata na Nandete nyuma ya Kilwa. Anayemkemea machinga naye hana habari ya Wamachinga wa Lindi na Kilwa, wenye lugha yao na makaburi yao. Jina la watu wa mahali fulani limegeuka kuwa jina la kazi ya kubangaiza, na la jirani zao limegeuka kuwa jina la rangi. Sisi tunaojiita wapenzi wa lugha tumekaa kimya, huku tukigombana mwezi mzima kama ni "nzuri mno" au "nzuri sana".

Kilichonitoa kimya changu ni malumbano ya hivi karibuni kati ya malenga. Binti mmoja wa Lindi alileta shairi. Lilikuwa na beti tisa, mizani kumi na sita kwa kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho vimetulia. Nimelihesabu kwa vidole kama tulivyofundishwa chuo cha ualimu, na sikuona guni. Mkongwe mmoja wa fani akalijibu kwa sentensi mbili: umbo halina kasoro, lakini shairi halina damu ya Kiswahili, kwani mtunzi ni mtu wa Kimwera na kule kwao Kiswahili ni cha kujifunza. Wengine wakaitikia. Tangu siku hiyo binti hajaleta shairi jingine. Sitamtaja mkongwe huyo kwa jina, maana hasemi peke yake. Anasema yale ambayo wengi huyasema kwa sauti ya chini wanapompima mtu wa kusini.

Tumfuate basi hadi huko kwenye damu, tena tumfuate Kilwa, mji ambao yeye mwenyewe huutaja kila anapotaka kutuonyesha fahari ya Waswahili.

Mwaka 1907 Mjerumani Carl Velten alichapisha mkusanyo wa nathari na mashairi ya Waswahili, na humo mna habari za kale za miji ya kusini kama wenyeji walivyozisimulia. Katika habari za Kilwa Kisiwani, mkuu wa kisiwa kabla ya kufika kwa jahazi la Mshirazi anaitwa Mrimba. Msimulizi anataja na kabila lake, bila kusitasita wala kuomba radhi: Mmachinga. Mshirazi, Ali bin Selimani, anafika kwa adabu ya mgeni. Anaomba mahali pa kukaa, anatoa zawadi za nguo na shanga, anamwoa binti wa Mrimba. Mtoto anayezaliwa ndiye anayekabidhiwa madaraka na babu yake mzaa mama. Kisiwa chenyewe kilibadilishwa kwa nguo, na nguo hizo zimo pia katika tarehe ya Kiarabu ya Kilwa na katika habari alizoziandika Mreno João de Barros karne ya 16.

Mtaniambia kwamba hicho ni kisa tu. Ni kisa, nakubali, na sijengi juu yake orodha ya wafalme. Lakini kisa huonyesha kile ambacho wasimulizi hawakuona aibu kukisema. Wazee wa Kilwa waliohojiwa wakati wa Mjerumani waliona ni jambo la kawaida kabisa kwamba mwenye nchi alikuwa Mmachinga na kwamba ufalme ulipita katika tumbo la binti wa Kimachinga. Wajukuu wao tumelichukua jina lilelile tukalitundika kwenye meza ya soksi. Aliyepokea nguo ili atoe kisiwa, leo anauza nguo na hana hata futi tatu za kusimamia.

Shahidi wa pili ni Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji kwa uzuri wa majengo yake. Aliandika kwamba wengi wa watu wake walikuwa Wazanji, weusi sana, wenye chale usoni. Chale! Karne chache baadaye chale usoni zikawa ndiyo alama ambayo mtu wa mjini aliitumia kumtambua mtu wa bara, mtu wa kuchekwa, Mmakonde au Mmakua aliyeshuka pwani juzi. Uso uliopokea wageni katika mji wenye msikiti mkubwa kuliko yote ya pwani kwa zama zake, uso huohuo ukaja kuitwa uso wa kishenzi. Alama haikubadilika. Kilichobadilika ni mahali ambapo mwenye uso alidhaniwa kwamba ametoka.

Wanaopenda sayansi nao nisiwaache. Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa zamani waliozikwa zaidi katika miji ya pwani kati ya miaka ya 1250 na 1800. Kilwa, Songo Mnara na Lindi zimo. Kwa wengi wao, zaidi ya nusu ya vinasaba ilitoka kwa Waafrika, hasa upande wa kina mama, na sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka Asia, hasa kwa wanaume wa Uajemi. Nilisoma jinsi habari hizo zilivyopokelewa na kila kambi. Wa Shirazi walishangilia baba, wa Afrika walishangilia mama, kila mmoja akakata kipande chake cha nyama akaenda zake. Mimi nilichokiona ni nyumba ya Mrimba: mama mwenyeji, baba mgeni, na mtoto anayezungumza lugha ya mama. Kama kuna "damu ya Kiswahili", basi ndiyo hiyo, na nusu yake ni ya watu ambao mkongwe wetu anawafungia mlango.

Damu basi haimsaidii. Ninachodai ni kwamba pwani hii haikumpanga mtu kwa ngozi peke yake. Ilimpanga kwa mahali alipotoka na mahali aliposimama, kisha ikamsomea rangi kutokana na mahali hapo. Na chombo cha kupangia kilikuwa lugha. Ndiyo maana shauri hili ni letu sisi washairi kabla ya kuwa la wanahistoria.

Litazameni neno uungwana. Mwungwana alikuwa mtu huru, mwenye nasaba na nyumba mjini. Kinyume chake mtumwa. Utawala wa Waomani ulipokita Unguja katika karne ya 19, neno jingine lilipanda juu yake: ustaarabu, linalotokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kufuata Uarabu, kujifanya Mwarabu. Ukiwa mtu wa Kilwa, mwenye mji uliojaa mawe kabla ya Sultani Said kuzaliwa, ulitakiwa sasa ustaarabike. Upande wa pili likasimama neno mshenzi, ambalo wataalamu wengine wa lugha hulinasibisha na Zanj, jina la kale la pwani yetu wenyewe na watu wake. Sisemi maneno haya yafutwe. Neno ustaarabu limo katika Katiba za vyama vya ushirika na katika khutba za Ijumaa, na maana yake imepanuka. Nasema tu kwamba anayelisimamisha katika shairi kama kipimo cha mtu, ajue ni mizani ya nani aliyoishika.

Kilwa Kivinje ndiyo iliyoonja makali ya mizani hiyo kuliko mji mwingine wowote wa Mrima. Misafara kutoka ziwa Nyasa, Uyaoni na Ungindoni ilikomea pale. Balozi wa Uingereza huko Unguja, Rigby, alikadiria kwamba watumwa 19,000 kutoka nchi ya Nyasa pekee walipita forodha ya Unguja kwa mwaka, na Kivinje ndiyo iliyokuwa bandari yao kubwa. Mtu aliyeshuka pale na mnyororo shingoni alivuliwa jina la ukoo akavishwa jina la njia. Wengi wakaitwa Wanyasa. Mnyasa ni mtu wa ziwa, ndivyo sarufi isemavyo. Lakini katika masikio ya Unguja na Mombasa ya wakati ule Mnyasa alikuwa mtumwa, na rangi yake ilijulikana kabla hajatokea mlangoni. Ndipo mtaelewa kwa nini, utumwa ulipokoma, watu walikimbia majina. Huko Unguja sensa ya 1924 iliandika maelfu ya Waswahili, na ile ya 1931 ikakuta wachache tu, wengi wakiwa wamekwisha kujiandika Washirazi na majina mengine yenye heshima zaidi. Hata jina Mswahili, ambalo asili yake ni pwani tu, mwambao, lilikuwa limekwisha kunuka minyororo. Wenzetu wanaojivunia kuwa "Waswahili asilia" wangekutana na babu zao wa 1931, wangeshangaa kuona jinsi babu hao walivyolikataa jina hilo mbele ya karani.

Umatumbi nao ulipata jina lake la leo kwa njia ya kusikitisha zaidi, kwa maoni yangu. Julai 1905, huko Nandete, watu waling'oa pamba ya serikali, na vita vya Maji Maji vikaanza. Waliowasimamia kwenye pamba hiyo hawakuwa Wajerumani kwa macho yao kila siku. Walikuwa maakida na watumishi wao, wengi wao watu wa pwani waliotumwa kutoka mjini. Kutoka Kivinje hadi vilimani si safari ndefu kwa miguu. Hata hivyo, kati ya mtu wa kanzu aliyeshika kiboko na Mmatumbi aliyeshika jembe palikuwa na umbali ambao haupimwi kwa hatua. Wote wawili walikuwa weusi. Mmoja alikuwa wa mahali pazuri.

Tunao utenzi wa vita hivyo, tena wa mtu wa Lindi: Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, uliotolewa tena mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Whiteley. Ajabu ni kwamba katika orodha za tenzi tunazowafundisha vijana, zikisha Lamu, Pate, Mombasa na Tanga, Lindi haitajwi, au inatajwa kwa tanbihi. Nawaomba wenye kitabu wakifungue, na wakisoma wasiishie kwenye vina. Wasome jinsi shehe wa mjini anavyowataja watu wa vilimani, na wajiulize ni nani anayetazama na ni nani anayetazamwa. Kisha waje waniambie kama kusini hakuna ushairi.

Yaliyofuata ni ya barabara, nami nitayapita haraka, maana kila aliyewahi kulala Ndundu akisubiri kivuko anayajua. Hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mto Rufiji mwaka 2003, mvua zikinyesha Lindi ilikuwa kisiwa. Kijana aliyefika Dar es Salaam kutoka kule miaka ya themanini na tisini alifika bila mtaji, bila ndugu wa ofisini, akabeba bidhaa mkononi akatembea nazo. Kwa maelezo yanayokubaliwa zaidi, hapo ndipo jina la Wamachinga lilipoambatana na biashara ya mkononi. Ubaya wa barabara ukahesabiwa kuwa ubaya wa watu. Tangu hapo jina limepanda cheo cha serikali bila wenyewe kuulizwa. Jengo la ghorofa pale Ilala limeitwa Machinga Complex. Vitambulisho vya shilingi 20,000 vya mwaka 2018 viliitwa na wote vitambulisho vya machinga. Na mwaka 2021 ikaja amri ya kuwaondoa machinga barabarani. Fikirini Mmachinga wa kweli, mzee wa Lindi, anasikiliza redio na kuambiwa kwamba machinga wameondolewa mjini.

Nimefundisha shule za sekondari za kusini kwa miaka mingi. Kila mwaka palikuwa na fomu ya kujaza, na kila mwaka nilimwona mtoto mmoja au wawili ambao nyumbani kwao najua wanazungumza Kimachinga, wameandika kabila lao Mmwera, au Mswahili, au wameacha wazi. Mmoja nilimuuliza faraghani. Akaniambia, "Mwalimu, nikiandika hilo wataniuliza nauza nini." Alikuwa na miaka kumi na minne.

Kuna watakaosema kwamba huu ni utani tu na kwamba mwalimu amezeeka vibaya. Utani naujua. Utani ni mkataba. Mngindo humtania Mmakonde kwa sababu Mmakonde humjibu, na siku ya msiba mtani ndiye anayevunja kilio na kusaidia kuzika. Nani katika wanaosema "Wamatumbi sisi" amewahi kwenda Kibata kuzika? Utani usio na upande wa pili ni tusi lililovaa kofia ya utani.

Wengine watasema kwamba lugha hubadilika, na kwamba neno likishahama halirudi. Ni kweli, na sina nia ya kusimama Kariakoo kusahihisha watu. Lakini jambo moja linanikera kama mwalimu wa lugha. Kiswahili kilikuwa na neno. Mtu anayenunua kidogo na kuuza kidogo, akizunguka na bidhaa zake, ni mchuuzi, na kazi yake ni uchuuzi. Ni neno la pwani, lina kitenzi chake, lina ngeli yake, na linakaa vizuri katika mizani ya nane. Hatukukosa msamiati. Tulikuwa na neno la kazi tukaliacha, tukachukua jina la watu.

Na sarufi yetu inatusaidia kutenda hayo bila kujiona. Kiambishi u- mbele na -ni nyuma, na mtu amegeuka kuwa mtaa: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Wajerumani walianza kuigawa Dar es Salaam kwa kanuni za ujenzi za 1891, Waingereza wakakamilisha kanda tatu, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi ili Kariakoo isikaribiane na Uhindini. Kanuni hizo zimekufa. Sarufi imebaki. Leo Mwafrika tajiri akijenga ufukweni husemwa anakaa Uzunguni, na Uswahilini ni mahali penye maji ya mvua mlangoni na majirani wanaojua mnakula nini. Mkongwe wetu, mwenye damu ya Kiswahili, akiambiwa kwamba nyumba yake iko Uswahilini atakasirika. Akiambiwa "acha Uswahili wako", atajua kwamba ametukanwa kuwa ni mjanjamjanja. Ninachotaka kumuuliza ni hiki: kama jina lake mwenyewe limechafuliwa kwa mtindo uleule, kwa nini analitumia kama lango la kuwazuia watu wa Lindi?

Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo wa Dodoma, na Saadani Kandoro alikuwa mtu wa Ujiji. Nani kati yetu leo anathubutu kusema kwamba tungo zao hazina damu? Waliingia kwa vina na mizani, wakakaa. Mmwera na Mmachinga nao waingie kwa mlango huohuo, na wapimwe kwa kipimo hichohicho.

Kwa wahariri wa kurasa zetu nina ombi dogo la kazi. Mshairi akiandika Mmachinga kwa herufi kubwa na m mbili, msimkate m moja mkidhani ni kosa la chapa. Akiandika mchuuzi, msimbadilishie. Na akimtaja Mmatumbi, muulizeni kama anamaanisha mtu wa Umatumbi. Kama simo, atafute kina kingine.

Kwa malenga wenzangu, natoa mada ya malumbano yajayo, bahari ya tarbia, mizani kumi na sita: nguo za Mrimba. Alizipokea, akatoa kisiwa. Je, aliuza, alikodisha, au alimpa mkwe? Mkongwe wa damu namkaribisha awe wa kwanza kujibu, na binti wa Lindi, popote alipo, namwachia nafasi ya pili.